Je, wajua kwa nini klabu hununua straika ambaye hafungi?

Agosti 2021 Simba iliuza wachezaji wawili waliokuwa roho ya timu. Clatous Chama wa Zambia alikwenda RS Berkane ya Morocco. Luis Miquissone wa Msumbiji, aliyekuwa ameitungua Al Ahly ya Misri pale kwa Mkapa Februari mwaka huohuo, akachukuliwa na haohao Al Ahly. Huko walikokwenda hakuna aliyeng'ara, na wote wawili walirudi Msimbazi.

Chama alirudi mapema, dirisha dogo la Januari 2022. Machi 2023 alifunga mabao matatu peke yake Simba ilipoichapa Horoya ya Guinea 7-0 katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Miquissone alirudi katikati ya 2023, baada ya kupita kwa mkopo Abha ya Saudi Arabia. Konde Boy, kama mashabiki walivyomwita, alipokewa kwa shangwe kubwa, lakini msimu ulikwisha bila wale mabeki wa pembeni kuteseka tena kama zamani, akafungasha virago.

Klabu ileile, jezi ileile, wachezaji wawili walioondoka mwezi uleule na kurudi wote wakiwa wameshuka. Mmoja alifufuka, mwingine hakufufuka. Kijiweni tuliligeuza jambo hili kuwa la bahati na majaaliwa. Mimi naona sehemu yake kubwa ilikuwa inapimika, ila si kwa kuhesabu mabao.

Tuanze na mabao, kwa sababu ndiyo yanayotudanganya zaidi. Chukua straika wa kawaida anayepiga mashuti matatu kila mechi, na katika kila mashuti manane linaingia moja. Kwa mechi 38 atafunga 14 hivi. Ni straika mzuri, klabu nyingi zitamtaka. Sasa mtazame kwa mechi tano tu. Atapiga mashuti 15. Uwezekano wa yote 15 kutoka nje, kugonga mwamba au kudakwa ni kama asilimia 13. Maana yake ni kwamba mtu huyu, bila kuumwa, bila kugombana na kocha, bila kurogwa na yeyote, anaweza kukaa mechi tano mfululizo bila bao, na ndani ya msimu mmoja kuna uwezekano mkubwa jambo hilo limpate walau mara moja. Magazeti yataandika kwamba ana ukame. Mashabiki wataanza kumtafutia mganga. Yeye hajabadilika chochote.

Ndiyo maana wachambuzi wa klabu siku hizi hawaanzi na mabao. Huanza na kipimo kinachoitwa xG, yaani mabao yanayotarajiwa, ambacho huipa kila nafasi thamani yake kulingana na mahali shuti lilipopigwa na mazingira yake. Penalti huhesabiwa karibu 0.8, kwa kuwa katika penalti kumi nane hivi huingia. Shuti la mbali linaweza kuwa 0.03. Ukijumlisha nafasi zote za straika asiyefunga, swali linakuwa jepesi: je, bado anafika pale mabao yanapopatikana? Kama anafika na mpira hauingii, mara nyingi inatosha kusubiri. Kama hafiki tena, hapo kuna ugonjwa.

Na wanunuzi husahau kwamba hesabu hii inakata pande zote mbili. Mchezaji anayewaka kwa sasa naye anabebwa na bahati kwa kiasi fulani, na ukimnunua wakati huo unalipia bahati hiyo pia. Sijui mfano bora kuliko siku moja ya Januari.

Tarehe 31 Januari 2011, saa za mwisho kabla dirisha halijafungwa Uingereza, Chelsea iliilipa Liverpool pauni milioni 50 kwa Fernando Torres. Ilikuwa rekodi ya Uingereza. Siku hiyohiyo Liverpool ikalipa pauni milioni 35 kwa Andy Carroll wa Newcastle. Torres alikuwa ameshuka, na kila mtu aliliona hilo. Carroll alikuwa anawaka: mabao 11 katika mechi 19 za ligi msimu ule. Kwa hiyo klabu moja ilinunua aliyeshuka, nyingine ikanunua aliyepanda, na zote mbili ziliumia. Torres alifunga bao moja tu katika mechi 18 zilizobaki za msimu huo. Carroll, ambaye tayari alikuwa na jeraha la paja aliposaini, aliondoka Liverpool akiwa na mabao sita ya ligi katika mechi 44. Kilichoiokoa Liverpool ni mtu wa tatu aliyewasili kutoka Ajax kwa pauni milioni 22.8 akiwa anatumikia adhabu ya kumng'ata mchezaji wa timu pinzani, Luis Suárez. Jina lake lilikuwa limechafuka, mpira wake haukuwa na tatizo lolote.

Nilimtazama Torres kwenye kibanda umiza siku Chelsea ilipoifuata Manchester United Old Trafford, tarehe 18 Septemba 2011. Watu hukumbuka kile alichokosa na kusahau kilichotangulia. Mapema kipindi cha pili alikuwa amefunga bao safi. Baadaye akapenyezewa pasi, akamzunguka kipa David de Gea, goli likabaki tupu mbele yake kama mlango wa nyumba isiyo na watu. Akapiga kwa mguu wa kushoto, mpira ukatoka nje. Kibandani kimya kikadumu sekunde nzima kabla ya kicheko. Mzee mmoja aliyekuwa kiti cha mbele hakucheka, alisema tu, "Huyu kijana magoti hayamtii." Mzee alikuwa ameona mbali kuliko sisi sote.

Kwa sababu miaka ya Liverpool Torres aliishi kwa hatua zake tatu za kwanza. Steven Gerrard alikuwa anatupia mpira nyuma ya mabeki, Torres anaukimbilia, na beki akigeuka amechelewa. Mwaka 2010 alifanyiwa upasuaji wa goti mara mbili, Januari na Aprili. Alikwenda Kombe la Dunia Afrika Kusini, Hispania ikatwaa ubingwa, yeye akarudi nyumbani bila bao hata moja. Kisha Chelsea ikamweka kwenye timu ambayo wapinzani wake wengi walirudi nyuma na kujaza boksi, hakuna uwazi wa kukimbilia. Miguu ilikuwa imepungua na mazingira yakabadilika kwa wakati mmoja. Miezi ya kabla ya usajili ilikuwa inasema hivyo waziwazi, ila jina lilikuwa kubwa kuliko ushahidi.

Basi ukimwona mchezaji ameshuka, uliza kilichoshuka ni nini. Bahati imeshazungumzwa. Yanabaki mambo mawili makubwa: mwili, na mahali anapochezeshwa.

Mwili una saa yake. Radamel Falcao alichanika kano za goti Januari 2014 akiwa Monaco, kwenye mechi ya Kombe la Ufaransa dhidi ya timu ya madaraja ya chini, akalikosa Kombe la Dunia. Septemba mwaka huohuo Manchester United ilimchukua kwa mkopo. Mabao manne katika mechi 26 za ligi. Msimu uliofuata Chelsea ikajaribu bahati yake: bao moja katika mechi 10 za ligi. Uingereza nzima ikakubaliana kwamba Falcao amekwisha. Akarudi Monaco, na msimu wa 2016/17, akiwa na miaka 31, alifunga mabao 21 ya ligi na kunyanyua kombe la Ligue 1 kama nahodha. Goti lilihitaji muda na mechi za mfululizo, na klabu mbili za kwanza hazikuwa na subira hiyo. Sizilaumu sana. Zilimkopa tu, kwa hiyo alipokosa kufunga zilimrudisha, hazikubaki na mkataba mrefu mikononi. Kwa mchezaji anayetoka kwenye jeraha kubwa, mkopo ndio usajili wenye akili.

Mahali anapochezeshwa ndipo penye dhahabu. Thierry Henry alitua Juventus Januari 1999 akiwa bingwa wa dunia mwenye miaka 21, akapangwa pembeni, akafunga mabao matatu katika mechi 16 za ligi. Arsène Wenger alikuwa amemfundisha Monaco akiwa kijana mdogo, na alijua ndani yake kuna straika. Arsenal ikalipa pauni milioni 11 hivi, Wenger akamvuta katikati. Hapo ilinunuliwa nafasi mpya uwanjani, na miguu ilikuwa haijawahi kupungua.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye kila ninapofikiria nimeielewa kanuni hii ananivuruga, naye ni Jesse Lingard. Nusu ya kwanza ya msimu wa 2020/21 hakucheza hata dakika moja ya Ligi Kuu kwa Manchester United. Januari David Moyes, aliyewahi kuwa kocha wake hapo United, akamkopa West Ham. Mabao tisa katika mechi 16. Kabla ya hapo msimu wake bora kabisa wa ligi ulikuwa wa mabao manane, tena msimu mzima. Alikuwa amepata kocha anayemwamini, timu inayoshambulia kwa kasi, na nadhani pia mashuti ambayo siku nyingine yangetoka nje. Mwaka 2022 Nottingham Forest ikamchukua bure, na mashabiki wakisubiri yule wa West Ham. Mechi 17 za ligi, bila bao. West Ham ilimchukua wakati hakuna aliyemtaka, Forest ikamchukua kwa kumbukumbu ya miezi minne.

Nikirudi Msimbazi, tofauti ya Chama na Miquissone sasa haionekani ya ajabu. Chama alikuwa nje kama miezi mitano. Mchezo wake hautegemei mbio: anasimama kati ya mistari, anauliza mpira, anatoa pasi ya mwisho. Mtu wa namna hiyo akikaa benchi anapoteza pumzi, akili haimpotei. Miquissone ni winga wa kuanzia mpira mguuni na kumwacha beki kwa hatua mbili. Huyo anataka mechi kila wiki, na alikuwa amepita miaka miwili bila namba ya kudumu. Kwa macho yangu Simba ilipomrudisha ilikuwa inamsajili yule wa Februari 2021, na yule hakuwemo ndani ya ndege.

Pesa ndiyo inayoamua kama kosa ni dogo au kubwa. Mchezaji aliyeshuka ana faida moja tu, bei. Ukimlipa bei ya zamani umeitupa faida hiyo mlangoni. Hesabu za klabu huigawa ada ya uhamisho kwa miaka ya mkataba. Torres alisaini miaka mitano na nusu, kwa hiyo kila mwaka Chelsea ilikuwa inafuta pauni milioni tisa hivi vitabuni. Baada ya miaka miwili bado alikuwa na thamani ya milioni 32 kwenye karatasi, na sokoni hakuna wa kutoa hata robo. Ukimuuza unaandika hasara, ukimbakiza unalipa mshahara. Ndiyo maana alikaa pale hadi 2014, akiwa na mabao 20 ya ligi katika mechi 110, ingawa ni haki kusema kwamba njiani alitwaa Ligi ya Mabingwa 2012 na kufunga kwenye fainali ya Ligi ya Europa mwaka uliofuata.

Kwa hiyo, je, klabu yako imsajili yule straika aliyeganda? Ningeomba kuona mambo matatu kabla hajapigwa picha na skafu shingoni: mashuti yake ya misimu miwili, si ya mechi kumi, ripoti ya daktari, na isomwe na daktari asiyeshabikia timu, na kocha aseme kwa kinywa chake atamchezesha wapi. Kama kocha anasema "tutaona", msiende hata uwanja wa ndege kumpokea. Na kama yote yamekubali, mpeni mkataba mfupi wenye bonasi za mechi na mabao, kisha mumwache atulie.

Hilo la kutulia ndilo gumu. Henry alicheza mechi nane za kwanza Arsenal bila bao, na watu wakaanza kunung'unika kwamba Wenger ameuziwa mbio tupu. Alifunga la kwanza ugenini kwa Southampton, bao pekee la mechi, tarehe 18 Septemba 1999, miaka kumi na miwili kamili kabla ya ile Jumapili ya Torres Old Trafford. Msimu ulipokwisha alikuwa na mabao 26.