Gitaa bila amplifaya: acheni kuisingizia mitambo

"Mitambo yenu mibaya, kaka. Gitaa la umeme bila amplifaya yake halilii." Maneno haya nimeyasikia kuliko honi za boti pale bandarini Malindi, Unguja. Juzi tena, hoteli moja Kiwengwa: kijana kachomeka waya moja kwa moja kwenye miksa, kakanyaga pedali ya distoshani (ya kukwaruza sauti), ukatoka mlio wa nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Akanitazama mimi, fundi wa sauti.

Makosa yalikuwa mawili, na yote yalitokea kabla sauti haijafika kwenye mitambo.

La kwanza ni mlango alioingilia, yaani tundu la kuchomeka waya. Pikapu ya gitaa (kinasa sauti cha sumaku, si gari) inataka mlango wenye ukinzani wa omu milioni 1 hivi, kama ule wa amplifaya. Mlango wa laini wa miksa mara nyingi una omu 10,000 tu. Pikapu inaelemewa, na kinachokufa mwanzo ni ung'avu wa nyuzi. Dawa yake ni kisanduku cha DI (kinalipokea gitaa kwa ukinzani mkubwa, kisha kinalipeleka kwenye miksa), au kitufe cha Hi-Z, yaani ukinzani mkubwa, kama miksa inacho.

La pili ndilo lililozaa nyuki. Spika ya inchi 12 ya amplifaya ya gitaa haitoi kila kinachoingia. Sauti ikipita kilohezi 5 hivi (kipimo cha wembamba wa sauti), inaporomoka. Distoshani hujaza mikwaruzo huko juu, spika ile ikaimeza, nawe usijue kama ilikuwepo. Spika zetu zina twita (vipaza vidogo vya sauti nyembamba), zimetengenezwa zifike karibu na kilohezi 20, kwa hiyo zinakutolea nyuki wako wote, hata mmoja hapotei. Chujio uje nalo mwenyewe: pedali yenye mwigo wa spika ya gitaa, au umwambie fundi akukatie kuanzia kilohezi 5 kwenda juu. Pedali ya yule kijana ilikuwa na mwigo huo, umezimwa. Nikauwasha. "Umefanya nini?" Nimebonyeza kitufe chako, bwana.

Wapiga udi nao huamini kuwa piezo (pikapu inayonasa mtikisiko wa chombo) ina sauti nyembamba kwa maumbile. Si kweli. Piezo ikichomekwa kwenye mlango wa omu 10,000 hupoteza besi, kinyume cha pikapu ya sumaku. Pitisha kwenye priampu yake (kikuza sauti kidogo) kwanza, utaisikia besi ikirudi.

"Volti 48 zitaua gitaa langu." Volti hizo miksa huzipeleka kwenye waya kulisha maikrofoni na DI; ukitumia DI nzima hazifiki kwenye gitaa. Ila nyamazisha chaneli kabla ya kuziwasha, tusipasuane masikio.

"Waya mrefu haudhuru." Unadhuru. Waya wa gitaa wa mita 15 unakula ung'avu. Weka DI miguuni pako, waya wa mita 3 au 6 unatosha. Kutoka hapo waya wa XLR (wa pini tatu, kama wa maikrofoni) ufike kwa fundi hata mita 30.

"Sitajisikia jukwaani." Hapo mna haki, kwani bila amplifaya mgongoni unategemea monita (spika inayokuelekea wewe). Basi iombe wakati wa kupima sauti, si wimbo wa pili umeshaanza.

Na wanaopiga Mji Mkongwe wanajua gari linaishia wapi. Amplifaya ya lampu (vali za kioo) ya kilo 20 na ushei utaibeba vichochoroni mwenyewe au umlipe hamali. DI inaingia kwenye begi la gitaa.

Halafu futeni jeki zenu. Chumvi ya bahari inazila, na ule mkwaruzo wa kutu pia nasingiziwa mimi.