Vichwa hivyo hakuvikata mpiga kamera

Kila filamu ya Kijerumani ya 1930 au 1931 ikiwekwa mtandaoni, kuna atakayesema wapiga kamera wa zamani hawakujua kupanga picha, maana vichwa vimekatwa. Jamani, basi! Chukueni Einbrecher ya Hanns Schwarz, kichekesho cha wizi na mapenzi kilichotolewa na kampuni ya filamu ya Ufa Desemba 1930, chenye Lilian Harvey, Willy Fritsch na hata mwanajazi Sidney Bechet na bendi. Waliopiga filamu za aina hiyo walikuwa wamekomaa tangu enzi za filamu bubu.

Tatizo ni umbo la fremu. Filamu bubu ilijaza nafasi yote kati ya matundu ya ukanda wa milimita 35, takriban 24 kwa 18. Sauti ilipokuja, mstari wake uliochapwa kando ya picha ukamega karibu milimita 3 za upana. Kimo hakikuguswa, kwa hiyo picha ikakaribia mraba: upana 1.19 kwa kimo 1. Ile 1.37 mliyoizoea ni kipimo cha Hollywood cha 1932.

Ukiilazimisha picha ya 1.19 ijaze 1.37, unatupa asilimia 13 ya kimo. Kwenye video yenye kimo cha mistari 1080 hiyo ni mistari 140 na ushei: nywele za Harvey juu, viatu vyake chini, na dansi bila miguu haina maana. Wengine hawakati, wanaivuta kwa upana. Sahani ya santuri inakuwa yai. Faili sahihi ya kimo cha 1080 ina upana wa pikseli 1285 hivi, na pembeni pabaki peusi. Acheni peusi!

Lakini mwaka pekee si ushahidi. Kumbi nyingi za wakati ule zilikata juu na chini ili skrini yao ijae, kwa hiyo 1.19 ni mpango wa mpiga kamera, si lazima kile alichokiona kila mtazamaji. Tena nakala nyingi zilichapwa upya baadaye kwa umbo la 1.37, lenye kimo kifupi zaidi.

Kabla ya kuskani, angalia mstari mweusi kati ya fremu na fremu. Ukiwa mwembamba, kimo kizima kipo. Ukiwa mnene, tazama pembeni: pakiwa na pambizo nyeusi, picha ilipunguzwa ikiwa nzima. Picha ikijaza upana wote, ilishakatwa kwenye uchapaji, na hapo tafuta nakala nyingine.