Nani alikuwa mkali zaidi vitani? Kwanza tuulize walipigania wapi

Wanafunzi wanaotembelea makumbusho yetu wana swali wasiloliacha: kati ya Warumi, Waparthi, Wahun, Waarabu na Waviking, nani angempiga nani? Mitandaoni watu wamekwisha kuwapanga kama timu za ligi. Mimi huwarudishia swali: wanapigania wapi, na chakula chao kinatoka wapi?

Mwaka 53 KK, Crassus, jemadari wa Roma, alivuka mto Frati na watu wapatao 40,000, wengi wao askari wa miguu ambao zama zile hawakuwa na mfano. Karibu na Carrhae, kusini mwa Uturuki ya leo, walikutana na Waparthi, watu wa Iran ya kale, wapatao 10,000 tu, wote juu ya farasi. Elfu tisa walikuwa wapiga upinde. Waliobaki walishika mikuki mirefu, mtu na farasi wake wamevikwa deraya. Warumi wakajikunyata chini ya ngao, wakingoja mishale iishe. Hesabu yao haikuwa ya kijinga, maana mpiga upinde asiye na mishale hatishi. Ila Surena, kamanda wa Waparthi, alikuja na ngamia waliosheheni mishale. Podo likiwa tupu, askari alirudi nyuma, akalijaza, akarejea. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa zamani, anataja Warumi 20,000 waliouawa na 10,000 waliotekwa. Kwa maoni yangu, ushindi wa siku ile ulikuwa wa ngamia.

Je, Waparthi waliwazidi Warumi nguvu? Miaka miwili baadaye waliingia Siria, wakafika mji wa Antiokia, na kuta zake zikawashinda. Farasi hapandi ukuta. Mwaka 38 KK, huko Gindarus, jemadari wa Kirumi Ventidius aliwasubiri juu ya kilima. Wakaparamia mteremko, wakapokewa na askari wa miguu na mawe ya kombeo. Pacorus, mwana wa mfalme wao, aliuawa. Ni watu walewale na pinde zilezile, ila uwanja ulikuwa mwingine.

Wahun, wapanda farasi waliotikisa Ulaya, walikuwa na upungufu wa aina hiyohiyo, kwani jeshi la farasi wengi linakula majani mengi. Mwaka 452 Attila, mfalme wao, aliigeuzia Italia mgongo, njaa na maradhi yakiwa yamewatafuna watu wake. Alikufa mwaka 453, na mwaka uliofuata makabila aliyoyatawala yakaasi na kuwashinda wanawe.

Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, wapenzi wa sinema watanisamehe, hawakuwa hodari kupita kiasi katika vita vya uwanjani. Silaha yao kubwa ilikuwa jahazi jepesi linaloelea hata kwenye maji haba. Mwaka 845 walipanda mto Seine hadi Paris, wakalipwa ratili 7,000 za fedha ili waondoke. Waliporudi mwaka 885 walikuta madaraja yenye ngome yameziba njia, na mji ukawahimili kwa miezi mingi.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Afrika, na watu wengi hawaujui. Kufikia mwaka 652 majeshi ya Waarabu yalikuwa yameitwaa Siria na Misri, na mfalme wa mwisho wa nasaba ya Wasasani huko Uajemi alikuwa ameuawa mwaka mmoja kabla. Abdallah ibn Sa'd, gavana wa Misri, akaliongoza jeshi kusini hadi Dongola, mji mkuu wa Makuria, ufalme wa Wanubi katika Sudan ya leo. Alikuwa na mitambo ya kurushia mawe. Wanubi walikuwa na pinde, na walilenga macho. Mwanahistoria Al-Baladhuri amenukuu simulizi ya mpiganaji wa Kiarabu aliyesema kwamba katika pambano moja na Wanubi walihesabu macho 150 yaliyopofuka. Mji haukutekwa. Pande mbili zikafikia mapatano yaliyoitwa baqt: Wanubi wapeleke watumwa kila mwaka, Misri ilete nafaka na nguo. Kwa hao watumwa, amani ile ilikuwa na gharama yake. Licha ya mivutano, mapatano hayo yalidumu takriban karne sita.