"Daktari, dripu ya uchungu si inaleta usonji?"

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mbagala, mimba ya wiki 41 na siku tatu, aliuvuta mkono wake wakati nimeshashika kanula. "Daktari, wamejaribu kwa panya. Watoto wakatoka na usonji." Wifi yake, kando ya kitanda, akanisikilizisha ujumbe wa sauti wa WhatsApp, dakika nne nzima. Ujumbe wa namna hiyo nimeusikia mwaka huu mpaka nimechoka, na unawanyima usingizi wanawake ambao dawa hii, oksitosini ya kuanzisha au kuongeza uchungu, inawasaidia.

Panya hapati usonji. Usonji unatambuliwa kwa mtoto wa binadamu, kwa anavyoongea, anavyocheza na anavyohusiana na watu. Kwa panya mtafiti anapima vitu vidogo: anakaa na wenzake muda gani, analiaje akitengwa na mama yake. Mwaka 2019 Wamarekani walichapisha utafiti wa panya wa nyikani, wale ambao dume na jike huishi pamoja na kulea pamoja. Majike walichomwa oksitosini siku waliyotarajiwa kuzaa. Watoto wao walipokua wakapenda kukaa na wenzao zaidi. Zaidi, si pungufu! Dawa iliacha alama kwenye ubongo, hilo silifichi, na ndiyo sababu nataka tafiti hizi ziendelee. Lakini alama kwa panya si ugonjwa kwa mwanao.

Tena panya ana mwili wake. Wa maabara hubeba mimba siku 21 hadi 23, na mtoto huzaliwa hana manyoya, macho yamefumba, ubongo mchanga kuliko wa mtoto wetu aliyetimiza miezi tisa. Uchungu wa panya huanza projesteroni, homoni inayotunza mimba, ikiporomoka kwenye damu. Kwa mwanamke haiporomoki hivyo.

Hofu yenyewe ilikolezwa mwaka 2013, watafiti walipopitia rekodi za watoto zaidi ya laki sita wa North Carolina, Marekani, na kukuta usonji umezidi kidogo kwa waliozaliwa kwa uchungu wa kuanzishiwa au kuongezewa. Sasa jiulize, nani anaanzishiwa uchungu? Mwenye presha, mwenye kisukari, aliyepitiliza tarehe. Mwaka 2016 ukaja utafiti wa Sweden, watoto zaidi ya milioni moja, wakalinganishwa ndugu wa mama mmoja: huyu uchungu ulianzishwa, yule ulikuja wenyewe. Tofauti ikatoweka. Huo sijawahi kuona mtu akiutuma kwenye kundi la familia.

Wapo pia wanaosema mnyama hana la kutufundisha. Sindano ya kukomaza mapafu ya njiti, tunayowachoma akina mama kila siku, ilianzia kwa kondoo wa mtafiti Liggins, New Zealand, mwaka 1969.

Na kondoo ndiye anayenifundisha kuogopa kinachostahili. Watafiti wa huko huko walibana kamba ya kitovu ya mtoto wa kondoo akiwa tumboni, dakika moja kila mara, kama uchungu unavyoweza kufanya. Walipobana kila baada ya dakika tano, watoto walistahimili saa nne bila shida kubwa. Walipobana kila dakika mbili na nusu, asidi ilipanda kwenye damu na presha ikaporomoka. Muda wa kubanwa ni uleule. Kilichopungua ni mapumziko. Kwa hiyo hatari ya dripu kwa mtoto ni uchungu unaoungana, tumbo halilegei, na hakuna anayehesabu.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia mizizi ya kuchemsha ya kuharakisha uchungu "ni salama kwa kuwa ni ya asili". Dripu naweza kuifunga. Kikombe ulichokunywa nyumbani siwezi kukitoa, na ukija bila kuniambia nikakuongezea dripu juu yake, kizazi kinaweza kupasuka. Niambie. Sitakufokea.

Ukiwa kwenye dripu, weka mkono juu ya tumbo. Ukibanwa zaidi ya mara tano ndani ya dakika kumi, mwite mkunga hapo hapo, hata kama ametoka kukupima mapigo ya mtoto.

Dada wa Mbagala alikubali saa nne usiku. Wifi yake ndiye aliyeshika muda kwenye simu, kiganja juu ya tumbo, na kila lilipolegea alituambia kwa sauti ya chini: "Limeachia."