Je, Wajua Kwa Nini Wanawake wa Filamu za Zamani za Hollywood Walisema kama Chiriku?

Mtu anayetazama kwa mara ya kwanza kichekesho cha Hollywood cha miaka ya 1930 hugutushwa na jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni kwamba mwanamke aliye kiini cha hadithi hangoji zamu yake ya kusema. Hudakia maneno, humkata mwenzake kauli, hujibu swali ambalo halijamalizika kuulizwa, na ikiwa hadithi yenyewe ni ya upelelezi, basi huyafanya hayo yote huku maiti ikiwa imelala chumba cha pili. Katika Kiswahili, kumwambia mtu kwamba anasema kama chiriku si kumsifu. Katika filamu hizo, hata hivyo, wepesi wa ulimi ndio uliokuwa alama ya akili, na aliyeachwa nyuma katika mazungumzo ndiye aliyekuwa bwege wa hadithi. Mara nyingi bwege huyo alikuwa mwanamume. Jibu la kwa nini ilikuwa hivyo linaanzia mbali kidogo na wanawake wenyewe. Linaanzia kwenye maikrofoni.

Filamu ya The Jazz Singer ilipotoka Oktoba 1927 na watazamaji wakamsikia mwigizaji akisema na kuimba, studio zote zilikimbilia kutengeneza filamu za sauti, lakini vifaa vya wakati huo vilikuwa mzigo mtupu. Kamera zilinguruma kiasi kwamba zilifungiwa, pamoja na mpigapicha aliyetokwa jasho humo ndani, katika vibanda visivyopitisha sauti. Maikrofoni nazo zilifichwa penye vyombo vya maua au vitu vingine vya mezani, hivyo mwigizaji alilazimika kusimama karibu na ua na kutamka neno mojamoja kama mwalimu anayesomesha imla. Miaka michache baadaye kamera zilikuwa zimevishwa makasha ya kuzimeza kelele, na maikrofoni zikawa zinaning'inizwa kwenye mti mrefu juu ya vichwa vya waigizaji na kuwafuata walikokwenda. Ndipo ilipowezekana kusema huku mtu anatembea, anavua kofia na kumrushia mwenzake mkoba. Wakati huohuo studio ziliwaita Hollywood waandishi wa tamthilia kutoka New York na waandishi wa magazeti kutoka Chicago, kwa kuwa filamu za sauti zilihitaji watu wanaojua maneno ya kusemwa, nao wakaja na lugha ya chumba cha habari, fupi na yenye makali.

Maneno yalikuwepo, basi, lakini kilichoyapa kazi kubwa ni makatazo. Mwaka 1930 wakuu wa studio walikubali kanuni za maadili ya filamu, zilizoandikwa kwa sehemu kubwa na padre wa Shirika la Yesu, Daniel Lord, kisha kwa miaka minne wakazipuuza bila haya. Wakatoliki wa Marekani walipotishia kuzisusia sinema, ofisi ya ukaguzi iliundwa upya chini ya Joseph Breen na safari hii ikapewa meno: kuanzia Julai 1934, studio iliyotoa filamu isiyo na muhuri wa ofisi hiyo ingetozwa faini ya dola 25,000. Mapenzi nje ya ndoa hayakuruhusiwa kupendezeshwa, mabusu yalipimwa urefu, na hata mume na mke halali walilazwa katika vitanda viwili vilivyotenganishwa na meza ndogo.

Wakaguzi walisoma miswada kabla ya picha kupigwa na walitazama filamu ilipokamilika, na kalamu yao ilikuwa inatafuta neno chafu au tendo lililokatazwa. Ugomvi haukukatazwa. Mwanamume na mwanamke wasioruhusiwa kushikana waliweza kugombana kwa dakika tisini, na mtazamaji mwenye masikio akaelewa kwamba ugomvi ule ni posa. Hiyo ndiyo siri ya vichekesho hivyo, ambavyo Wamarekani waliviita “screwball”, jina lililokopwa kutoka kwenye besiboli, jina la mpira unaorushwa ukapinda upande usiotarajiwa. Vilifanya kazi kama fumbo linavyofanya: mwenye kuelewa ameelewa, na asiyeelewa hana la kushtakia. Lakini fumbo halichezwi na mtu mmoja. Ili ugomvi uwe posa, lazima mwanamke awe na maneno mengi na makali kama ya mwanamume, au zaidi. Kanuni zilizokusudiwa kumfunika mwanamke zikamfungua mdomo.

Mfano ulikuwa umekwisha kutolewa Februari 1934, miezi michache kabla ya ofisi ya Breen kuanza kuuma, katika filamu ya It Happened One Night. Claudette Colbert ni binti wa tajiri aliyemtoroka baba yake, Clark Gable ni ripota aliyepoteza kazi, na usiku unawakuta katika kibanda kimoja cha wageni. Ripota anafunga kamba katikati ya chumba, anaitundikia blanketi, na kinachobaki ni sauti mbili gizani, moja kila upande. Filamu hiyo ilizoa tuzo zote tano kubwa za Oscar, na Colbert, aliyekuwa na hakika kwamba hatashinda, ilibidi akafuatwe kituo cha treni ili aje kuipokea yake.

Mahali ambapo jambo lote linaonekana waziwazi, hata hivyo, ni katika His Girl Friday ya mwongozaji Howard Hawks, iliyotoka Januari 1940. Asili yake ni The Front Page, tamthilia ya mwaka 1928 ya Ben Hecht na Charles MacArthur, wote wawili waliowahi kuwa waripota wa Chicago. Humo Hildy Johnson ni mwanamume anayetaka kuacha uandishi ili aoe, na mhariri wake, Walter Burns, hufanya kila hila kumzuia. Hawks alisimulia baadaye kwamba alimpa mwanamke mmoja asome maneno ya ripota huku yeye akisoma ya mhariri, akagundua kuwa mazungumzo yanapendeza zaidi hivyo. Karibu kila kitu kilibaki, ila Hildy akawa mwanamke na, zaidi ya hapo, mtalaka wa Walter. Kwa badiliko hilo moja, kila sentensi ikawa na mzigo mara mbili: mhariri anamtaka mwandishi wake bora arudi kazini, na mwanamume anamtaka mke wake arudi nyumbani, kwa maneno yaleyale.

Waliohesabu wamekadiria kwamba filamu hiyo inafikia maneno 240 kwa dakika, na swali la kawaida ni kwa nini mtazamaji hapotei. Hawks alieleza kwamba mazungumzo yaliandikwa kwa namna ambayo mwanzo na mwisho wa sentensi hauna uzito, ili mwenzake aweze kuukanyaga bila hasara. Chukua mfano wetu wenyewe: “Sikiliza bwana, treni inaondoka saa tatu, unanisikia lakini?” Mtu akisema wakati mmoja na “sikiliza bwana” na mwingine akidakia kabla ya “unanisikia lakini”, treni na saa yake bado vimefika salama. Mbinu hiyo inahitaji mwandishi mwangalifu na waigizaji wenye pumzi, na Rosalind Russell, aliyepewa nafasi ya Hildy baada ya waigizaji kadhaa wakubwa kuikataa, alikuwa na pumzi. Alipoona kwamba Cary Grant, aliyemwigiza Walter, ana maneno matamu kuliko yeye, alimlipa kwa fedha zake mwenyewe mwandishi wa matangazo ya biashara amtilie chumvi maneno yake, akawa anaingia nayo kazini kimyakimya kana kwamba yamemjia papo hapo.

Tazama tukio la jioni katika chumba cha waandishi mahakamani. Mfungwa aliyetoroka kabla ya kunyongwa amefichwa ndani ya dawati. Walter yuko kwenye simu akiamuru ukurasa wa kwanza upanguliwe wote. Hildy anapiga taipu, mgongo umepinda. Bruce, wakala wa bima mpole ambaye Hildy amekubali kuolewa naye na kuhamia Albany akaishi pamoja naye na mama yake, amesimama akimweleza kwamba yeye anaondoka na treni ya saa tatu usiku, kwamba anamwacha, kwamba hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Hildy anajibu kitu fulani bila kuinua macho. Bruce anaondoka. Inapita muda kabla mwanamke huyo hajatambua kwamba hayupo. Sijui tukio jingine la filamu linaloonyesha vizuri hivyo mtu aliyezama katika kazi anayoiweza, na ni jambo la kuzingatia kwamba mtu huyo ni mwanamke na filamu haimwadhibu kwa hilo.

Hildy hakuwa wa kwanza kurithi nafasi ya mwanamume. Mwaka 1937 studio ya Warner Bros. ilianza mfululizo wa filamu fupi za upelelezi, za muda wa kama saa moja, zilizotengenezwa kwa bei nafuu ili kujaza programu ya sinema zilizoonyesha filamu mbili kwa tiketi moja. Msingi wake ulikuwa hadithi za Frederick Nebel kuhusu ripota mlevi aitwaye Kennedy. Studio ilimtupa Kennedy ikamweka Torchy Blane, ripota wa kike aliyeigizwa na Glenda Farrell katika filamu saba kati ya tisa. Torchy anaruka kwenye treni inayokwenda, anaingia palipokatazwa na kumtambua muuaji kabla ya mchumba wake, ambaye ndiye afisa wa polisi mwenye kesi. Farrell alisema kwamba aliwachunguza waandishi wa kike halisi kabla ya kuigiza, kwa kuwa hakupenda jinsi filamu zilivyokuwa zikiwachora. Jerry Siegel, mmoja wa waliomuumba Superman, alikiri kwamba Lois Lane, ripota wa kike wa hadithi hizo, alitokana na Torchy.

Uandishi wa habari ulifaa hadithi za upelelezi kwa sababu iliyo nyepesi: ulimpa mwanamke ruhusa ya kufika penye maiti. Mwanamke mkuu wa wapelelezi asingeaminika kwa mtazamaji wa wakati ule, lakini ripota angeweza kuuliza maswali popote. Aliyekosa kitambulisho cha gazeti alihitaji kisingizio kingine, kama yule mwalimu wa shule Hildegarde Withers, aliyeigizwa na Edna May Oliver kuanzia mwaka 1932, ambaye aliwapeleka wanafunzi wake kutazama samaki na ndege wa majini jijini New York akakuta maiti kwenye bwawa la pengwini. Njia nyingine ilikuwa kuolewa na mpelelezi, na hapo ndipo anapoingia Myrna Loy.

Katika The Thin Man ya mwaka 1934, Loy ni Nora Charles, mke tajiri wa mpelelezi mstaafu anayeigizwa na William Powell. Muswada uliandikwa na mume na mke, Albert Hackett na Frances Goodrich, na mwongozaji W. S. Van Dyke aliwataka wajali mazungumzo ya wanandoa kuliko mauaji yenyewe. Nora anaingia katika hadithi akiburutwa na mbwa, mikono imejaa vifurushi vya Krismasi, na anaanguka kifudifudi katikati ya baa ya kifahari. Anainuka bila kupoteza heshima hata chembe. Baadaye anamuuliza mume wake amekunywa martini ngapi, anaambiwa hii ni ya sita, naye anamwagiza mhudumu amletee tano nyingine azipange mbele yake. Marekani ilikuwa imefuta marufuku ya pombe Desemba 1933, miezi michache tu kabla, kwa hiyo glasi zile zenyewe zilikuwa habari mpya. Habari kubwa zaidi ilikuwa kwamba mke anadai hesabu iwe sawa, na mume anaona raha. Filamu hiyo ilizaa nyingine tano, ya mwisho mwaka 1947.

Uhuru huo wa ulimi haukugawiwa kwa usawa. Katika The Mad Miss Manton ya mwaka 1938, Barbara Stanwyck ni binti tajiri anayeongoza kundi la rafiki zake kumsaka muuaji mjini New York, na anayejua kumjibu kuliko wote ni Hattie McDaniel, lakini McDaniel, kwa kuwa alikuwa mweusi, alipewa aproni ya mjakazi na filamu ya mtu mwingine. Ndoa pia ilibaki mwisho wa lazima kwa karibu kila mmoja wao. Hata Hildy, baada ya kuahidiwa fungate kwenye maporomoko ya Niagara, anajikuta akielekea Albany kuandika habari za mgomo, huku Walter akitangulia mlangoni na yeye akifuata na sanduku ambalo mwanamume hakujitolea kulibeba.

Wakati wa vita, hadithi za mauaji ziligeuka kuwa nzito, na mwanamke mwenye maneno mengi akaanza kushukiwa. Mwaka 1944 Stanwyck huyohuyo aliigiza katika Double Indemnity. Mwanamume anabisha hodi, yeye anajitokeza juu ya ngazi, na kabla hawajafahamiana wanaanza mchezo uleule wa zamani wa kudakiana maneno, safari hii kwa fumbo la dereva aliyepita mwendo unaoruhusiwa na polisi aliyemsimamisha. Ni mazungumzo matamu kama yoyote ya miaka ya 1930. Tofauti ni kwamba sasa mwanamke ndiye muuaji, na mwanamume anayeingizwa mtegoni ni wakala wa bima.