Zamu ya saa sawa haigawi maji sawa

Msimu wa mpunga ukikaribia, simu na jumbe ni zilezile. Mtu yuko Dar, shamba lake liko Ruvu, Mvomero au Mbarali, analima kwa simu kama wengi tunaowafahamu, anauliza: "Mhandisi, zamu yetu ya maji ni saa sita kwa hekta kwa kila mtu, mbona majaruba yangu hayajai? Kijana wangu ananiibia?" Na wa ofisini naye hakosi, anakuja na dawa yake: wakulima washirikishwe, waelimishwe, wagawane saa sawasawa, basi ugomvi utakwisha.

Hautakwisha. Kijana wako huenda hakuibii chochote. Saa sawa kwenye mfereji mmoja ni maji tofauti kabisa, na mkutano mkuu hata ukipitisha kwa makofi hesabu haibadiliki.

Chukua mfereji wa shambani wa udongo, urefu kilomita 1.2, unapokea lita 30 kwa sekunde kwenye kigawa maji na unahudumia hekta 28. Wiki ina saa 168. Gawa kwa 28, kila hekta inapata saa 6. Kwenye daftari la katibu kazi imeisha.

Sasa shuka shambani. Wa kwanza, pale pale kwenye kigawa maji, anapata lita 30 kwa sekunde kwa saa 6, yaani mita za ujazo 648. Kwenye hekta moja hicho ni kina cha milimita 65 kwa wiki, kama milimita 9 kwa siku. Mpunga kwenye udongo mzuri unakula milimita 8 hadi 10 kwa siku, ukijumlisha kinachopaa na kinachozama. Ametosheka.

Wa mwisho, kilomita 1.2 mbele, hapati lita 30. Kwa makadirio ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mfereji wa udongo wa kichanga wenye urefu kati ya mita 200 na kilomita 2, tena ule unaotunzwa, hufikisha kama asilimia 70 ya maji. Wa mfinyanzi hufikisha 85, uliosakafiwa 95. Kwa hiyo wa mwisho anapokea lita 21. Kwa saa zile zile 6 anapata milimita 45.

Na hapo nimemhurumia, kwa sababu nimechukulia mfereji tayari umejaa. Mfereji huo, upana sentimita 60 na kina cha maji sentimita 25, unabeba mita za ujazo 180 tumboni mwake. Kama ulikauka kabla ya zamu yake, labda maji yalikuwa upande wa pili wa kigawa, basi kuujaza kwa lita 30 kunakula saa 1 na dakika 40 kwa uchache, na saa ya mgawa maji ilishaanza kuhesabu geti lilipofunguliwa. Zinabaki saa 4 na dakika 20. Lita 21 kwa muda huo ni milimita 33 kwa wiki. Nusu ya jirani yake wa juu! Na ada ya maji wanalipa sawa, kwa hekta.

Kisha mtu anaandika kwenye ripoti kwamba wakulima wa mkiani, yaani wa mwisho wa mfereji, "hawana mwamko wa kuchangia".

Hili la muda wa kujaza linaniudhi kuliko yote, maana wenzetu walilitatua zamani. Punjab, India na Pakistan, wana mfumo unaoitwa warabandi: mzunguko wa siku 7, muda wa kila mtu unahesabiwa kwa ukubwa wa shamba. Muda wa kujaza mfereji hautozwi kwa anayesubiri, unatengwa pembeni kwanza. Na wa mwisho, ambaye mfereji ukifungwa juu anabaki kunywa yale yaliyosalia ndani yake, anakatwa muda kidogo kufidia hayo. Wamehesabu kuingia na kutoka. Hata hivyo warabandi ya kawaida haimfidii wa mkiani kwa maji yanayovuja njiani. Kwa hiyo usiinakili nzima ukaileta Mbarali ukadhani umemaliza.

Marekebisho yenyewe si magumu. Toa kwanza muda wa kujaza, uwe deni la wote. Kinachobaki, gawa mfereji vipande vitatu: mwanzo, kati, mkia. Tuseme vipande viko sawa kwa eneo, na kwa wastani vinafikiwa na asilimia 95, 85 na 75 ya maji. Ukigawa muda kinyume cha hizo asilimia, kila saa 6 za wastani zinakuwa saa 5 na dakika 20 mwanzoni, saa 5 na dakika 55 katikati, saa 6 na dakika 45 mkiani. Basi.

Ugumu uko kwa yule wa mwanzo anayeambiwa aachie dakika 40. Kwa nini akubali? Ushirikishwaji unapimwa hapa, wala si kwenye karatasi ya mahudhurio yenye sahihi sitini na posho ya nauli. Atakubali kama anamhitaji wa mkiani kwa jambo fulani: nguvu kazi ya kuzoa mchanga kwenye banio (pale mto unapozuiwa maji yaingie mferejini), mchango wa kununua geti, kura. Asipomhitaji kwa lolote, semina haitamgeuza.

Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza skimu za Nepal na akakuta jambo linalotukera wahandisi. Skimu nyingi zilizojengwa na wakulima wenyewe, mabanio ya mawe na miti yanayosombwa kila mafuriko, ziligawa maji kwa haki zaidi kuliko zile za zege zilizoendeshwa na serikali. Sababu mojawapo ni kwamba banio linalobomoka kila mwaka linahitaji mikono ya wote, na mkulima wa mkiani mkono wake ndio silaha yake: msiponipa maji, siji. Jenga banio la kudumu, umemnyang'anya silaha.

Kwetu Upare ndiva, yaani mabwawa madogo ya kienyeji, zimeendeshwa hivyo kwa vizazi. Maji yanakusanywa usiku, yanafunguliwa mchana, na asiyekuja kwenye msaragambo, kazi ya pamoja, anapigwa faini au anarukwa zamu. Usiku unatumika kujaza ndiva badala ya kumwamsha mjane saa nane usiku aende kulinda mfereji na tochi. Ukiona ratiba ambayo zamu za usiku zinaangukia wanawake na wapangaji, hiyo kamati imeshirikisha nani?

Je, tuache zege? Hapana, mchanga na mafuriko vinaua skimu pia, na kusakafia kunapunguza huo uvujaji niliouhesabu juu. Lakini kusema kweli, sijui namna ya kusakafia mfereji bila kulegeza kile kinachowafunga watu pamoja. Nimesoma mapendekezo mengi kuhusu hilo, machache yamenishawishi. Nafuu ninayoiona ni kuliacha geti mikononi mwa mkia: ufunguo wa kigawa maji na daftari la zamu vikae kwa mjumbe wa kipande cha mwisho. Inasaidia. Haiponyi.

Kuhusu kupima. Wakulima wanaamini macho, na macho yanadanganya. Weka ubao wa chuma wenye mkato wa pembe ya nyuzi 90 katikati ya mfereji. Kina cha maji juu ya ncha ya mkato kikiwa sentimita 10, yanapita kama lita 4.4 kwa sekunde. Kikiwa sentimita 20, ni karibu lita 25, si 8.8. Rudia hilo mara mbili kwenye mkutano, watu hawaliamini. Lita 30 zinasimama kwenye sentimita 21 na nusu hivi. Lita 21 kwenye karibu 19. Tofauti ya sentimita tatu zisizotimia, na karibu theluthi moja ya maji imeondoka, wakati kila aliyesimama ukingoni anaapa mfereji "umejaa vilevile".

Soma kina nyuma ya ubao, upande maji yanakotoka, umbali wa mara nne ya hicho kina, si kwenye mkato wenyewe ambako maji yameshaanza kuinama. Maji lazima yaanguke huru upande wa pili. Yakipanda hadi kufunika ncha, kipimo hakina maana. Na zoa mchanga unaojikusanya nyuma, maana ukijaa namba zinakuwa za uongo. Kwa wiki mbili msome wote, wa juu na wa chini, mbele ya wenzenu. Kupima huku wakati mwingine kunawasha ugomvi uliokuwa umelala. Hilo nalo lisemwe mapema.

Kuna wakati ratiba yoyote inashindwa: wiki za kuchavanga, yaani kuvuruga udongo wa jaruba na maji kabla ya kupanda. Kulowesha jaruba kavu kunahitaji kama milimita 200 kabla hata ya kuanza kusimamisha maji. Lita 1 kwa sekunde kwa hekta, karibu sawa na ule mfereji wetu, usiku na mchana, ni milimita 8.6 kwa siku. Piga hesabu: siku 23, bila kutoa kinachopaa. Wote wakitaka kuchavanga wiki moja, zamu inavunjika na matundu yanatobolewa usiku. Dawa ni kupanda kwa vitalu, yaani mafungu ya mashamba, si vitalu vya miche, kitalu kimoja kikitangulia kingine kwa wiki mbili au tatu, na anayetangulia leo awe wa mwisho msimu ujao. Hili likiamuliwa vizuri, nusu ya malalamiko ya zamu yanajifia.

La haraka, maana linachanganywa sana hapa mjini: chama cha wamwagiliaji kinasimamia mfereji, jumuiya ya watumia maji inasimamia mto, pamoja na wafugaji, mji na viwanda. Kibali cha kutumia maji chini ya sheria ya 2009 kinatoka bodi ya maji ya bonde, na kinataja kiasi. Skimu yenye zamu nzuri na kibali kisichotosha bado ni skimu isiyo na maji.

Na wakazi wa Dar wasijione watazamaji. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ina uwezo wa lita milioni 196 na milioni 270 kwa siku, jumla kama mita za ujazo 5.4 kwa sekunde. Mpunga ukichukua mtoni lita 1.5 kwa sekunde kwa hekta, pamoja na yanayovuja njiani, hayo ni maji ya hekta 3,600. Mto ulipopungua mwaka 2022 tukaingia kwenye mgao, sisi ndio tulikuwa wakulima wa mkiani.

Kwa hiyo, wewe wa kilimo cha simu, kabla hujalipa kodi ya shamba msimu huu, usiulize zamu ni saa ngapi. Muulize katibu shamba liko kipande kipi cha mfereji, muda wa kujaza unatozwa nani, na ufunguo wa geti unalala kwa nani. Kama ni mkiani, muda wa kujaza ni wako na ufunguo unalala mwanzoni, omba kodi ishushwe nusu au tafuta shamba lingine. Na msaragambo ukiitishwa, tuma mtu mwenye jembe. Hela ya kibarua iliyotumwa kwa simu mara nyingi inafika baada ya mchanga kuzolewa na wenzako, na jina lako limeshaandikwa kwenye daftari la watoro.