P3 si kesi, jamani

"Wakili, P3 nimeshajaza, sasa nangoja fidia tu." Naisikia Malindi, naisikia Lamu kila nikienda kortini huko, na juzi nimeisikia kwa bwana mmoja aliyeifanyia P3 yake laminesheni. Ajali yenyewe ina miaka minne. Nilimsifu kwa utunzaji, kisha nikampa habari mbaya.

Hapa Kenya, P3 ni karatasi ya polisi ya kuandikia majeraha yako. Daktari huijaza ili Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, iweze kumshtaki dereva, na kwenye kesi hiyo ya trafiki wewe ni shahidi tu. Dereva akitozwa faini, kwa kawaida pesa zinaingia Serikalini, nawe unarudi nyumbani na mguu wako na vyuma vyake. Fidia hutafutwa kwa kesi ya madai, na hiyo hakuna afisa atakayekufungulia. Unaifungua mwenyewe au kupitia wakili, ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali. Ukigongwa na gari la Serikali, ni miezi 12. Muda huo haukungoji eti kesi ya trafiki imeahirishwa tena. Korti inaweza kuuongeza kama kulikuwa na jambo la msingi ambalo hukulijua, lakini kutojua sheria hakumo.

Kinachonichosha zaidi ni ndugu yake imani hii: "Dereva ameachiliwa, basi sina haki." Nani kasema? Hakimu wa jinai anataka ushahidi usioacha shaka. Wa madai anauliza lipi lina uwezekano zaidi kuwa kweli. Dereva huachiliwa kwa sababu mpelelezi hakutokea kortini, na bado akapatikana mzembe kwenye kesi yako. Akitiwa hatiani ni afadhali zaidi: kwa kifungu 47A cha Sheria ya Ushahidi, rufaa zikishakwisha, hukumu ile inathibitisha kosa lake na habishani tena. Hapo watu huanza kupigia hesabu ploti. Polepole! Bima itasema nawe ulichangia: mlipakiana watatu kwenye bodaboda, helmeti hukuvaa, barabara ulivuka ovyo. Hakimu akikubali, fungu lako linakatwa.

Matibabu yanalipwa kwa risiti. Mganga wa kuunga mifupa huenda amekutendea mema kuliko wodi nzima, ila risiti hatoi, na korti hailipi kwa neno.

Kuhusu asilimia ya ulemavu sitajifanya najua. Daktari wetu anaandika 20, wa bima anaandika 5, na mguu ni ule ule. Hakimu anaangalia hukumu za nyuma za majeraha yanayofanana, na mara nyingi anaangukia katikati. Sijui mizani gani inapima hivyo, na siwezi kukuapia mguu uliovunjika utapata shilingi ngapi. Anayekutajia kiasi siku ya kwanza, hasa yule ajenti anayekufuata ukiwa bado kitandani, mkimbie. Kumsakia wakili wateja namna hiyo kumekatazwa. Na hayo mapatano na wakili ya "nilipe tukishinda tu" hayana nguvu kwa Sheria ya Mawakili, ingawa mnayasikia kila baraza.

Ukija ofisini, njoo na abstrakti ya polisi (muhtasari wao wa ajali), risiti zote, na rekodi ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, inayoonyesha gari ni la nani, maana aliyekuwa kwenye usukani mara nyingi si mwenye gari, na bima iko kwa mwenye gari. P3 nayo ilete. Inaonyesha ulivyoumia.